Chokaa ya Tanuu kwa Nyumba ya Mawe: Tathmini ya Mnunuzi Asiye Fundi

Ninaandika tathmini hii baada ya kununua chokaa iliyochomwa hapa hapa Unguja mara tatu, kwa wauzaji wawili tofauti, kwa ajili ya nyumba ya marehemu bibi yangu iliyopo Mkunazini, ndani ya Mji Mkongwe wa Zanzibar. Mimi ni mwalimu wa kemia katika skuli ya sekondari, si fundi, na fedha zinazoingia katika nyumba hii ni zile zinazobaki mwisho wa mwezi pamoja na zamu moja ya upatu niliyoipokea mwaka jana. Kwa hiyo bidhaa hii naipima kwa jicho la mtu ambaye akiharibu polo moja, kazi husimama mpaka mshahara mwingine. Hukumu yangu naitanguliza ili msomaji mwenye haraka asisumbuke: kwa ukuta wa mawe ya matumbawe sijaona bidhaa inayoishinda chokaa ya tanuu, lakini haiuzwi ikiwa tayari kwa kazi, na si kila muuzaji atakwambia hivyo.

Nyumba yenyewe ni ya ghorofa moja, ina baraza mbele na ua mdogo nyuma, na kuta zake zina unene wa karibu sentimita 60. Ukizitoboa unakuta vipande vya matumbawe vya kila ukubwa vilivyozamishwa katika mchanganyiko wa chokaa, mchanga na udongo mwekundu. Hamna nondo wala tofali. Dari zimebebwa na boriti za mikoko, ndiyo maana chumba kikubwa kuliko vyote kina upana wa mita 2.7 tu ilhali urefu wake ni mita 6, kwa sababu boriti haiwezi kubeba dari iliyo pana zaidi ya hapo kwa usalama. Wageni huingia, wakaona vyumba vyembamba kama ujia, wakausifu ubunifu wa wajenzi wa kale. Mimi huwaambia kwamba aliyechora ramani ni mkoko.

Nilipoanza sikuwa na habari yoyote ya chokaa. Nilikuta nusu ya chini ya kuta za chumba cha nyuma imepigwa lipu ya saruji, kazi aliyoifanya ami yangu katika miaka ya 1990 akiamini kwamba anaiimarisha nyumba, nami nilikusudia kuziba nyufa zake kwa saruji zaidi, nipake rangi, nihamie. Nilipoigonga lipu ile kwa mpini wa nyundo ilitoa sauti ya debe tupu. Nilichomeka tindo pembeni mwa ufa, kikang'oka kipande kizima chenye ukubwa wa sinia, na nyuma yake ukuta ulikuwa umelowa chepechepe, na udongo uliokuwa umeshika mawe ulimwagika miguuni mwangu kama pumba. Siku hiyo niliweka tindo chini, nikaketi kwenye ngazi kwa muda mrefu. Tangu sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sultan Barghash mwaka 1883, ilipoporomoka tarehe 25 Disemba 2020, wengi wetu wa mjini hatuzitazami tena kuta za zamani bila ya wasiwasi.

Sababu ya unyevu ule niliielewa baadaye, na inafaa nieleze kwa urefu kidogo, kwani bila ya kuielewa mtu hataona kwa nini ahangaike na chokaa wakati saruji inauzwa kila duka la vifaa vya ujenzi. Ukuta wa matumbawe hunywa maji. Huyanywa kutoka ardhini, kutoka katika mvua ya masika inayoupiga kwa ubavu, na zaidi ya yote kutoka katika mlizamu uliotoboka, kama ulivyokuwa wetu. Lipu ya chokaa ina vitundu vidogo vidogo vinavyoyaruhusu maji hayo kutoka kama mvuke, na ukuta ukakauka wenyewe kila kiangazi. Saruji huyafungia ndani, nayo yakikosa pa kutokea hupanda juu yakiwa yamebeba chumvi, na chumvi hiyo inapokauka katika matundu ya jiwe hujenga chembe zinazolisukuma na kulimomonyoa jiwe. Katika chumba chetu maji yalikuwa yamepanda mpaka juu kidogo ya lipu ya ami, kimo cha kifua, na pale pale ndipo rangi ilipokuwa ikibanduka kila mwaka. Kwa miaka ishirini na zaidi familia nzima ilikuwa ikiilaumu rangi.

Kabla sijaeleza ununuzi, neno moja kwa anayetaka kuanza: Mji Mkongwe umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, na kazi za ujenzi ndani yake zinahitaji kibali cha Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe. Kibali kitangulie, hata kama kazi ni lipu ya chumba kimoja.

Sasa bidhaa yenyewe. Tanuu la kienyeji ni duara la magogo, aghalabu ya minazi, yaliyopangwa na kuachiwa shimo katikati. Juu yake hurundikwa mawe ya matumbawe, na moto hutiwa kupitia shimo lile. Jiwe likifikia joto la nyuzi 900 hivi hutoa hewa ya ukaa iliyofungika ndani yake, likabaki jepesi na kali. Likitiwa maji huchemka, hupasuka na kuwa unga mweupe, na unga huo ndio unaotiwa katika mapolo na kuuzwa. Ukishapigwa ukutani, huivuta tena kidogo kidogo hewa ile ile ya ukaa na kurudi kuwa jiwe, kazi inayochukua wiki na miezi. Mzunguko huu nimekuwa nikiufundisha kidato cha pili kwa miaka mingi, nikiuchora ubaoni kwa chaki, bila ya kufikiria kwamba ninalala ndani yake.

Ununuzi wa kwanza ulikuwa Januari ya mwaka jana, kwa muuzaji ambaye simtaji, aliyenipa bei nzuri na kunipakilia mapolo manne haraka haraka. Nilimuuliza imechomwa lini. Akanijibu, “Hii mpya kabisa, Mwalimu, juzi tu imetoka tanuuni,” nami nikafurahi kama mtu aliyeuziwa mkate wa moto. Laiti ningejua kwamba upya ndio uliokuwa kasoro yake. Tuliichanganya siku ile ile na mchanga, fundi kijana niliyemkodi akaipiga ukutani kwa siku mbili, katika joto la kaskazi, milango ikiwa wazi na upepo ukipita. Jioni ya siku ya pili ukuta ulikuwa mweupe, umenyooka, na niliupiga picha nikawatumia ndugu zangu.

Baada ya wiki mbili, asubuhi moja nikifagia, nilikuta sakafuni vipande vidogo vya lipu, vya mviringo, vyenye ukubwa wa sarafu. Nilipoinua macho niliona kila kipande kimeacha kishimo ukutani chenye umbo la kikombe cha kahawa, kipana juu na chembamba ndani, na katikati ya kila kishimo palikuwa na doa jeupe mfano wa punje ya mchele. Nilihesabu vishimo 41 katika ukuta mmoja, na siku ya tatu vilikuwa vimezidi. Punje zile ni chokaa ambayo haikuzimika sawasawa kwa maji; hukaa kimya ndani ya lipu, ikanywa unyevu wa hewa taratibu, ikavimba, na kuisukuma lipu iliyo mbele yake. Pamoja na hayo kulikuwa na nyufa nyembamba kama nywele kila mahali, hizo zikiwa ni matokeo ya ukuta kukaushwa na upepo kabla ya wakati wake.

Nilirudi kwa muuzaji nikiwa na punje zile katika mfuko wa plastiki. Alinisikiliza kwa adabu, akaniambia kuwa chokaa ni chokaa na kosa ni la fundi. Sehemu ya kosa kweli ilikuwa yetu, lakini katika mapolo manne nilikuwa nimechekecha karibu debe zima la mawe yasiyoiva, ambayo niliyalipia kwa bei ya chokaa, na juu ya hilo hakuwa na jibu. Sikurudishiwa kitu.

Aliyeniokoa ni fundi mmoja mzee wa mtaa wa pili, ambaye alipita, akatia kichwa dirishani, akauona ukuta na kucheka bila ya ubaya. Yeye ndiye aliyenielekeza kwa muuzaji wa pili, mzee mwenzake huko shamba, na tofauti ya huduma niliiona kabla sijatoa senti. Muuzaji huyu aliniuliza maswali mawili ambayo yule wa kwanza hakuniuliza: ninataka chokaa ya kupaka au ya kupigia lipu, na je, ninalo pipa? Alinifungulia mapolo nitie mkono, nikaichukua chokaa kati ya vidole na kuisugua, nikahisi ulaini wa unga wa ngano, na changarawe ilikuwa kidogo. Nilimuuliza pia mawe anayatoa wapi, kwa sababu sikutaka kutengeneza nyumba yangu kwa matumbawe hai yaliyovunjwa baharini, yaliyo makazi ya samaki. Akanionesha rundo la mawe ya kuchimbwa nchi kavu, yenye udongo mwekundu bado umeganda katika mashimo yake. Alinieleza bila ya kuulizwa kwamba chokaa yake ikitumika kabla ya kurowekwa itanifanyia yale yale. Mfanyabiashara anayemwambia mteja ubaya wa bidhaa yake kabla ya kupokea fedha ni wa kurudiwa, nami nilirudi.

Kwa wanaotaka vipimo: mapolo matano yalijaza pipa moja la lita 200, baada ya kutiwa maji na kuchekechwa kwa chekeche la waya, na pipa hilo lilitosha nusu ya chini ya kuta zote nne za chumba cha nyuma. Chokaa humwagwa ndani ya maji, wala si maji juu ya chokaa. Hukorogwa kwa mti mpaka iwe kama uji mzito, kisha huachwa chini ya maji yenye kina cha vidole vinne ili hewa isiiguse. Pipa langu lilikaa chini ya ngazi tangu mwanzo wa Machi, masika yote, mpaka katikati ya Juni. Nilipolifunua, chokaa ilikuwa imegeuka kitu kingine kabisa: nzito, nyeupe ya kung'aa, ikikatwa kwa mwiko inabaki na ukingo kama samli iliyoganda. Fundi mzee aliichota, akaugeuza mwiko juu chini, akangoja. Haikudondoka. “Hii sasa imeiva,” akasema, na ndipo alipokubali kuvua viatu.

Tahadhari moja si ya kupuuzwa. Chokaa huunguza. Ikiruka jichoni ioshwe papo hapo kwa maji mengi safi na mtu aende hospitali, na mikono isiyo na glavu za mpira huchubuka ndani ya saa chache. Wazee hujipaka mafuta ya nazi kabla ya kazi, nami nilijipaka, lakini glavu nilizivaa vile vile.

Kazi ya kupiga lipu ilifanyika wakati wa kipupwe, na ilinifundisha kwamba gharama kubwa ya chokaa haimo katika chokaa. Tuliondoa saruji yote ya ami, tukauacha ukuta wazi kwa wiki tatu ukauke, tukafagia chumvi kwa brashi kavu kila jioni. Mchanganyiko ulikuwa debe moja la chokaa kwa madebe matatu ya mchanga, na mchanga huo ni wa nchi kavu, kwani wa pwani una chumvi na ungeturudisha pale pale. Kila tabaka lilikuwa na unene usiozidi sentimita moja, na baina ya tabaka na tabaka tulingoja siku kumi au zaidi. Kabla ya kila tabaka ukuta ulimwagiwa maji, na kila nilipodhani yametosha fundi aliniambia, “Mwagia tena, mwanangu, ukuta bado una kiu.” Usiku tulitundika magunia yaliyolowa mbele ya kuta, na mimi niliamka alfajiri kuyanyunyizia kabla ya kwenda skuli. Fundi wa saruji angemaliza chumba kile kwa siku mbili. Sisi tulitumia siku tisa za kazi zilizotawanyika katika wiki tano.

Kwa upande wa fedha, chokaa ya chumba kile ilinigharimu pungufu ya saruji ambayo ingehitajika, lakini nauli ya gari kutoka shamba pamoja na rukwama ya kuingiza vichochoroni ilizidi bei ya chokaa yenyewe, na ujira wa siku tisa ulizidi vyote viwili. Mwenye mfuko mdogo anaweza kupunguza ujira kwa kufanya mwenyewe kazi zisizohitaji ustadi, yaani kubomoa, kuchekecha, kukoroga na kunyunyizia, na hivyo ndivyo nilivyofanya. Mwiko niliuacha kwa fundi mwenyewe. Faida nyingine kwa mtu wa aina yangu ni kwamba chokaa iliyo chini ya maji haiharibiki. Mshahara ukichelewa, pipa linangoja, na kadiri linavyongoja ndivyo chokaa inavyozidi kulainika, wakati mfuko wa saruji uliofunguliwa katika hewa ya Unguja huwa jiwe kabla mwezi haujaandama.

Nilijaribu vile vile chokaa ya kiwandani inayokuja kwa mifuko kutoka Bara. Ni laini zaidi, haina mawe, na sikuona punje yoyote ikivimba. Bei yake ni kubwa, na kwa tabaka za chini sioni sababu ya kuilipia, ila kwa tabaka la mwisho na kwa kupaka niliipenda: ilikorogwa nyepesi kama maziwa, ikapakwa mara tano, kila mara ikionekana kama maji matupu wakati wa kupaka na kuwa nyeupe ilipokauka. Anayekata tamaa baada ya mkono wa kwanza asubiri mpaka kesho yake.

Masika ya mwaka huu yalikuwa ndiyo mtihani. Ukuta wa nyuma ulilowa, hilo sikulizuia, doa la unyevu likapanda kiasi cha shubiri mbili kutoka sakafuni, na mwishoni mwa Juni lilikuwa limetoweka. Hakuna kilichobanduka. Vishimo vilivyotokea katika lipu mpya ni vitatu, vyote katika pembe moja, na niliviziba kwa kidole. Katika ukuta huo kuna kidaka ambamo bibi aliweka taa yake ya mafuta, na fundi alikizungushia ukingo upya kwa mkono, bila ya kipimo, akiwa ananisimulia habari za mtu mwingine kabisa. Ukingo ule ndio kitu pekee katika chumba ambacho kila mgeni hukigusa.

Bidhaa hii siipendekezi kwa kila kazi. Nyumba ya matofali ya saruji haiihitaji. Bafu na sakafu ya ua nimeviachia saruji, kwa kuwa maji ya kila siku hayaipi chokaa nafasi ya kukauka. Wala mtu asinunue hata polo moja ikiwa bati linavuja, kwa sababu maji yakiingia kutoka juu hakuna lipu itakayosimama, na si lipu tu: ncha mbili za boriti zetu zilikuwa zimeoza ndani ya ukuta, pale pale chini ya mlizamu uliotoboka. Nilizibadilisha kwa boriti za zamani zilizotoka katika nyumba iliyobomolewa, kavu na ngumu kama chuma, na hizo zilinimalizia upatu.

Ununuzi wa tatu, mapolo sita kwa muuzaji yule yule wa shamba, ulifika mwezi wa Julai na umeshaingia katika mapipa chini ya ngazi kwa ajili ya ukumbi wa mbele. Ubora ulikuwa sawa na wa mara ya pili, isipokuwa polo moja lililokuwa na mawe mengi, ambalo alilibadilisha safari iliyofuata bila ya mabishano. Jirani yangu, anayetengeneza ngazi yake, amekuja mara mbili kuniomba madebe mawili akiahidi kunirudishia chokaa mpya. Mara zote mbili nimemkatalia, nikampa namba ya simu ya muuzaji, na kumuuliza kama analo pipa.